Kipandio cha Pili Kutoka Juu

Kobe alikuwa amelala kifudifudi chini ya ngazi ya jukwaa, tochi kaibana kwa meno, akipapasa vumbi kama mtu aliyedondosha pete ya ndoa. Jina hilo mpelelezi huyu wa kike alipewa na wenzake kituo cha polisi kwa sababu mbili: alikwenda taratibu, na hakuna aliyewahi kumwona akirudi nyuma. Yeye mwenyewe hakulichukia. Alisema kobe hafiki wa kwanza, lakini akifika amefika na nyumba yake yote.

Juu yake ngazi ilipanda hadi kwenye roshani ya mbao iliyopakwa rangi ya dhahabu. Kwa mtazamaji aliyekaa ukumbini, ile ilikuwa kasri ya malkia. Kwa Kobe, aliyeiona kwa upande wa nyuma, ilikuwa mbao, misumari na gundi. Jana yake, kwenye mazoezi ya mwisho ya mavazi, mwigizaji mkuu wa kikundi, mwanamke ambaye wote walimwita Sauti, alipanda roshani kwa ngazi ya nyuma, kisha akateremka hii ya mbele akiwa na vazi refu la kimalkia. Hakufika popote. Kipandio cha pili kutoka juu kilipinduka chini ya mguu wake, naye akaporomoka hadi sakafuni. Alivunjika paja na mtulinga. Daktari alisema shingo imeponea chupuchupu.

"Afande, nakuapia," alisema Mzee Randa, fundi seremala wa kikundi, aliyesimama kando amekamata kofia kwa mikono miwili. "Jana asubuhi nilizipanda mwenyewe ngazi hizi, na mimi si mwepesi. Kila kipandio nilikirukia. Kama ni kuanguka, ningeanguka mimi."

Kobe alitoa tochi mdomoni. "Nakuamini. Hakikuvunjika, mzee wangu. Kilifunguliwa skrubu, ubao ukaachwa umekaa tu pale, ukiutazama unadhani ni mzima kama wenzake. Ulikuwa unangoja mguu."

Mzee Randa alikaa chini bila kutafuta kiti.

"Baada ya wewe kuzipanda, nini kilifuata?"

"Chai. Wote tulitoka uani. Si unajua watu wa maigizo, chai ikitajwa hata maiti wa onyesho la tatu huamka."

"Nani hakuonekana uani?"

"Afande, watu wanaingia, wanatoka, huyu kafuata kikombe, yule anapaka rangi usoni. Siwezi kumtia mtu hatiani kwa kikombe cha chai."

Kobe alilipenda jibu hilo. Shahidi anayejua mwisho wa anachokijua ni adimu. Alirudi vumbini, akanyoosha mkono hadi nyuma ya mguu wa ngazi, na alipoutoa alikuwa na skrubu moja kati ya vidole. Zile nyingine, mtu aliyezifungua alikuwa amezibeba. Hii ilimponyoka, ikabingirika gizani, akakosa muda wa kuitafuta.

Aliigeuza kwenye mwanga. Kichwani ilikuwa na alama ya msalaba kama skrubu zote za Mzee Randa, lakini msalaba wenyewe ulikuwa umetafunwa, kingo zake zimechanika.

"Nionyeshe bisibisi zako."

Mzee alivua ufunguo uliokuwa shingoni, akafungua sanduku lake. "Hili halifunguliwi na mwingine. Ukinikuta bila ufunguo huu, ujue unaangalia maiti."

Bisibisi za msalaba zilikaa barabara kwenye skrubu, bila kuikwaruza. Zile bapa zilikuwa nene, hazikuingia kabisa. Kobe alizijaribu zote, moja baada ya nyingine, ingawa ya kwanza tu ilitosha kumpa jibu.

"Aliyeifungua alitumia bisibisi bapa, nyembamba, ndogo," alisema. "Na hakuwa fundi. Alihangaika."

*

Vidole vyote kikundini vilikuwa vimemwelekea mtu mmoja. Mwongozaji wa onyesho alimtaja kabla hajaulizwa. Watu wa taa walimtaja. Hata mlinzi wa lango, ambaye hakuwa amewahi kuona onyesho lolote hadi mwisho, alimtaja. Mtu huyo aliitwa Pilipili.

Sauti, Pilipili na mshonaji wa mavazi ya kikundi walikuwa marafiki tangu shule ya msingi. Waliingia kikundini siku moja, na watu waliwaita mafiga matatu, maana hukuweza kuinjika neno kwa mmoja bila kuwategemea wengine wawili. Mwaka huu Pilipili aliitaka nafasi ya malkia, akapewa Sauti. Yeye akapewa kuwa mtumishi wa malkia. Juzi tu walikuwa wamegombana jukwaani, mbele ya wote, hadi mwongozaji akaomba maji. Zaidi ya hayo, mtumishi ndiye aliyepaswa kutangulia kwenye ngazi, ameshika taa. Siku ya ajali alichelewa.

Kobe alimkuta ameketi safu ya mbele ya ukumbi mtupu. Macho yalikuwa mekundu lakini kidevu kilikuwa juu.

"Nimeambiwa ulimwonea wivu mwenzako."

"Na nani?"

"Na watu wote."

"Hao watu wote niliwaambia mimi." Pilipili aligeuka kumtazama. "Mama, nilimwonea wivu mpaka nikakosa usingizi. Nafasi ile niliiota. Siku aliyopewa, nilimkumbatia, nikampongeza, nikajisikia natabasamu kama mtu aliyebanwa kidole mlangoni. Nilipofika nyumbani nikajiambia, hapana. Huyu si mtu wa kuchekewa uongo."

"Ukafanya nini?"

"Kesho yake nikaenda kwake. Alikuwa jikoni. Nikamwambia, mwenzangu, nina wivu nawe, unanipanda kifuani kama kiungulia. Sitaki ulale humu ndani ukazaa. Nipe siku chache nisikuchekee, nitarudi."

"Naye akasemaje?"

Pilipili alitaka kucheka, akashindwa katikati. "Alinipa kisu na vitunguu. Akasema, kata basi, angalau ukilia tujue sababu."

Kobe alikuwa amehoji watu wengi waliofanya mambo kwa sababu ya wivu. Wengine waliuita haki, wengine wakauita heshima, wengine mapenzi. Hakukumbuka hata mmoja aliyewahi kuuita kwa jina lake akiwa hajabanwa. Alimtazama mwanamke huyu kama mtu anavyotazama chombo kilichoundwa vizuri.

"Sasa ugomvi wa juzi ulihusu nini?"

"Miguu." Sasa alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa anateremka ngazi huku anatazama chini, kama anayekwenda kukinga maji bombani. Nikamwambia malkia hatazami miguu, ngazi ndiyo inamtafuta. Akabisha, nikabisha, ikawa kelele. Lakini jana alinisikiliza, mama. Alisimama pale juu, kichwa wima, macho mbele." Alifunika uso. "Mimi ndiye niliyemwambia asitazame chini."

Kobe alimwacha alie. Hakumgusa, hakumharakisha. Kilio kilipopungua, akauliza swali ambalo ndilo lililomleta.

"Wewe ndiye ungetangulia. Mbona ulichelewa?"

"Zipu. Nilikuwa njiani kwenda jukwaani, mshonaji wetu akaniita chumba cha mavazi. Akasema zipu ya gauni langu imeachia, nitaaibika. Nikavua, akakaa nayo, anasema inabidi aifumue na kuishona upya. Nikavaa kanga nikingoja kwenye kona. Mara nikasikia kishindo."

"Wewe uliiona imeachia?"

"Iko mgongoni, mama. Nina macho mbele tu."

"Na mwongozaji aliwezaje kuanza bila mtumishi?"

Pilipili alifikiri. "Nadhani aliambiwa aanze. Mshonaji alichungulia mlangoni akamwita, akamwambia waendelee tu, mimi nitakawia."

Kobe alisimama, akapangusa magoti ya suruali yake, ambayo tangu asubuhi hayakuwa na matumaini tena ya kuwa safi. Mpaka dakika ile, kuchelewa kwa Pilipili kulikuwa kumemfunga kamba shingoni. Sasa Kobe alitaka kujua kamba hiyo ilisokotwa na nani.

*

Chumba cha mavazi kilikuwa kidogo, na kilikuwa kizuri kuliko jukwaa lenyewe. Majoho yalining'inia ukutani kwa mpangilio wa rangi. Vifungo vilikaa kwenye mitungi ya kioo. Vazi la malkia, lililochanwa na wauguzi ubavuni, lilikuwa limelazwa juu ya meza, na hata katika hali ile Kobe alishindwa kujizuia kulishika. Mshono wake ulikuwa mdogo na sawa kama mtiririko wa sisimizi.

"Umeshona wewe?"

"Kwa mikono hii," alisema mshonaji. Alikuwa mwanamke mpole, mwembamba, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto. Alimvutia Kobe kiti, akampangusia vumbi begani bila kuombwa. "Pole na kazi, afande. Sauti ni ndugu yangu, si rafiki. Nimelia mpaka nimekauka. Na kipaji kile! Mungu kamjalia kweli. Hata siku anaposahau maneno, watu hawamwoni."

"Husahau sana?"

"Aa, sisemi hivyo. Nasema tu ana bahati ya kupendwa."

"Na Pilipili?"

Mshonaji alivuta pumzi. "Huyo naye ni mwenzangu, siwezi kumsema vibaya. Ila wivu wake kila mtu anaujua. Mimi namwombea."

Kobe aliitikia kwa kichwa. Kwa maneno machache tu, mwanamke huyu alikuwa amewasifu marafiki wawili, na wote wawili walikuwa wanatoka damu.

"Naomba nilione gauni la mtumishi."

Mkono wa mshonaji ulikawia kidogo kabla ya kuifikia kamba ya mavazi. Kobe alilipokea gauni, akaligeuza ndani nje, akaenda nalo dirishani. Aliivuta zipu chini, ikateremka. Akaivuta juu, ikapanda. Kisha akaufuata uzi kwa ncha ya ukucha, kutoka shingoni hadi kiunoni, bila haraka.

"Gauni hili ni la siku nyingi?"

"Ndiyo, lilitumika hata onyesho lililopita. Nililipunguza tu kiuno."

"Uzi wa kiuno ni mpya, naona. Mweusi kabisa. Lakini uzi wa zipu umefifia, unaelekea kijivu, kutoka juu hadi chini. Umefifia sawasawa." Kobe aliinua macho. "Jana ulimwambia Pilipili unaifumua hii zipu na kuishona upya. Ukishona upya, dada yangu, unautoa wapi uzi mkuukuu?"

"Labda... nilikuta si mbovu kama nilivyodhani."

"Basi ungemrudishia gauni lake aende. Kwa nini ulimwambia mwongozaji aanze bila yeye?"

Cherehani ilikuwa pembeni, chini ya kifuniko chake cha kitambaa. Kobe alivuta droo ndogo iliyokuwa chini ya meza yake. Ndani mlikuwa na sindano, mafuta, na ile bisibisi ndogo bapa ambayo kila cherehani huuzwa nayo. Ncha yake ilikuwa imepinda. Alitoa skrubu mfukoni, akaiweka ile ncha kwenye msalaba uliotafunwa. Iliingia pale ilipochanika, kama mguu kwenye kiatu chake.

"Ulimzuia Pilipili ili asitangulie," alisema Kobe. "Angetangulia yeye, angeanguka yeye. Na pia ulijua kwamba akichelewa, watu watasema ni yeye. Jiwe moja, ndege wawili."

Mshonaji alikaa kwenye kiti ambacho alikuwa amemvutia mgeni.

"Nilitaka ateguke tu," alisema hatimaye. Ile sauti ya kubembeleza ilikuwa imekwenda, na iliyobaki ilikuwa kavu. "Kifundo cha mguu. Wiki moja, mbili, onyesho limpite. Sikutaka haya."

"Kwa nini Sauti?"

"Miaka yote namvika. Watu wanapiga makofi akitokea tu, hajafungua hata mdomo. Wanapigia nini, kama si vazi langu? Hakuna aliyewahi kugeuka kuniuliza jina."

"Ulimwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Hayo uliyoniambia mimi sasa hivi."

Mshonaji alimtazama kama aliyesemeshwa kwa lugha ya kigeni. "Ningeonekana nina wivu."

Kobe alimsaidia kusimama, akamngoja avae viatu, na walipofika mlangoni akamfunga pingu kwa mbele ili aweze kushika mkoba wake. Kwenye korido Mzee Randa aliwapisha, akalitazama jambo lile likipita, akasema polepole, si kwa mtu yeyote, "Kikulacho kweli ki nguoni mwako." Kisha akaona haya kwa kulisema, akavaa kofia yake.

*

Jioni Kobe alikwenda hospitali. Sauti alikuwa kitanda cha dirishani, mguu umetundikwa, bega limefungwa. Hata akiwa amelala, na dawa zimemlemea, sauti yake ilijaza wodi. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wamenyamaza kumsikiliza akiomba tu maji.

Kobe alimweleza yote, kwa mpangilio, bila kutia chumvi wala kupunguza. Sauti alisikiliza huku akitazama dari. Alipotajiwa mshonaji, alifumba macho, akayafumbua tena.

"Hukuwahi kuona dalili?" Kobe aliuliza.

"Niliziona, mama. Sikutaka kuzisoma. Nikishangiliwa, yeye ndiye wa kwanza kuniambia kola yangu ilikaa vibaya. Nikipata homa, ndiye wa kwanza kuja na uji, uso unang'aa. Nilidhani ni upendo. Na ulikuwa upendo, ila ulitaka niwe chini ndipo unifikie."

"Na wewe ulifanyaje?"

"Nilianza kumficha furaha zangu. Nikipata jambo jema, namweleza nusu, naliponda mwenyewe kabla hajaliponda. Siku ile mwanangu alipofaulu, nilimwambia amebahatisha. Nilifika nyumbani nikajiuliza, kwa nini nimemtukana mtoto wangu?" Alimgeukia Kobe. "Rafiki ukianza kumficha habari njema, pana kitu kimeshakufa pale. Pilipili sijawahi kumficha. Yeye huniambia, leo nakuchukia kidogo, njoo kesho. Na kesho naenda."

"Mahakamani watakuita."

"Nitakwenda, hata kwa magongo. Nitasema alichonifanyia, sitampunguzia hata nukta. Na wakiniuliza kuhusu kazi yake, nitasema sijawahi kuvaa mshono kama wake. Sitamfichia wala sitamsingizia. Huo ndio urafiki uliobaki, na ndio anaoustahili."

Kobe aliinamisha kichwa. Katika kazi yake alikuwa ameona walioumizwa wakiomba damu, na walioumizwa wakisamehe kwa pupa ili wasifikiri. Mwanamke huyu hakufanya lolote kati ya hayo. Alikuwa amelala na paja lililovunjika, akipima kila kitu kwa mizani iliyo sawa.

Mlango wa wodi ulifunguka. Pilipili aliingia, akasimama miguuni pa kitanda, mkoba ameukumbatia kama ngao. Hakusalimia.

"Mwongozaji ananitaka nichukue nafasi yako," alisema. "Nimekataa."

"Kwa nini?"

"Unaniuliza kwa nini? Niliitamani mpaka nikaugua. Leo naletewa, imebebwa kwenye machela yako! Kila nikitokea watu watasema, yule pale, alipata alichokitaka."

"Watasema. Siku mbili, tatu. Kisha utafungua mdomo, wasahau."

"Na nikifurahi je?" Pilipili alinong'ona, na wodi nzima ikamsikia. "Nikisimama pale, wakanipigia makofi, nikafurahi, huku wewe uko hapa?"

Sauti alinyoosha mkono mzima, akapiga godoro kwa kiganja. "Utakuja hapa uniambie ulivyofurahi. Yote, si nusu. Nami nitakuonea wivu, maana si malaika, na nitakwambia. Sasa kaa. Onyesho la pili, malkia anapopokea habari za mwanawe. Unajua huwa navutia wapi pumzi?"

Pilipili aliuteremsha mkoba sakafuni.

"Hujui. Hakuna anayejua, ndiyo siri yangu pekee. Sogea nikuonyeshe."

Pilipili alikaa. Sauti alimshika mkono, akauweka chini ya mbavu zake mwenyewe, upande usiouma, ili ausikie mvuto wa pumzi unapoanzia. Akasema sentensi moja ya malkia, taratibu. Akaisema tena. Kisha Pilipili akaisema, ikatoka nyembamba, naye Sauti akatikisa kichwa. "Chini zaidi. Usiitoe kooni, huko ni mlangoni tu. Itoe sebuleni."

Kobe alirudi nyuma hadi mlangoni, na hapo akasimama. Alikuwa na taarifa ya kuandika na mtuhumiwa wa kufikisha mbele ya mkubwa wake, lakini miguu haikuondoka. Mwanamke mmoja alikuwa anampa mwenzake, kipande kwa kipande, kitu chote kilichomfanya apendwe, na yule mwenzake alikuwa anakipokea huku machozi yanamtiririka na kidevu kiko juu.

Muuguzi alikuja akitembea kwa haraka, saa ameishika mkononi. "Jamani, muda wa kutazama wagonjwa umekwisha. Yule mgeni atoke."

Kobe alitoa kitambulisho chake cha polisi, akakishikilia mbele ya macho ya muuguzi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Niwie radhi, binti yangu," alisema. "Mahojiano bado yanaendelea."

Akavuta kiti, akakiweka katikati ya mlango, akakaa.